Beseni la Sungura wa Rosa

Kihonda, Morogoro
4 Machi 2024

Kaka Severin,

Shikamoo. Nimeamua kushika kalamu kwa sababu nimechoka kupiga kelele kwenye simu mpaka majirani wadhani tunagombana, na wewe unaitikia "nzuri, nzuri" hata nikikwambia paa limeezuliwa. Masikio yako na mtandao wa Kinole vimekula njama. Twalibu ameahidi barua ataiweka mbele pale kwenye kioo cha gari, si kule nyuma kwenye matenga ya ndizi.

Huku ni wazima. Mguu wangu wa kushoto bado unavimba jioni. Mwanangu Grace amehamishiwa Dodoma, kwa hiyo nyumbani nimebaki mimi na bomba linalotoa maji siku mbili kwa wiki. Na yule mnyama. Ndiye aliyefanya nikuandikie.

Unakumbuka siku ya kuanua matanga ya dada Rosa, vitu vyake vilipokuwa vinagawanywa. Cherehani ilipata mwenyewe, vitenge vikapata wenyewe. Mara mtani wetu Stambuli akanitupia sungura mapajani na kusema, "Mwanamke msafi, urithi wako ndio huu." Watu wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana mtani ni mtani, na alichokupa msibani hukirudishi mbele za watu. Nilijua asubuhi angekuja kumchukua. Asubuhi Stambuli hayupo, na mimi nimeshikilia kapu linalonuka.

Kaka, huyu kiumbe anakunya akila, anakunya akiwaza, anakunya akitembea, kama gunia lililotoboka. Punje zake ni saizi moja na pilipili manga unazonitumia, rangi ile ile. Tangu nilipoziona hivyo sijatia pilipili manga kwenye chai. Na mkojo ndio usiseme. Ameukojolea mto wa kochi, ule wenye kitambaa nilichofuma kwa mkono. Jumatano mkojo ulitoka mwekundu, nikajua anakufa, nikamwita Wilfred, bwana mifugo anayepita mtaani kuchanja kuku. Akacheka. Akasema ni mchicha anaokula tu.

Unajua nimefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na saba. Damu, usaha, kila kinachoweza kutoka kwa binadamu kimepita mikononi mwangu. Siku ya kustaafu niliapa sitagusa tena uchafu wa kiumbe kingine, na ndiyo maana niliweka vigae vyeupe. Sasa vigae vyangu vina madimbwi ya njano yanayonata. Nakuomba wewe uliye mkubwa wetu: niruhusu nimchinje, au umchukue huko huko.

Mdogo wako,
Theresia


Kinole
17 Machi 2024

Kwa mdogo wangu Theresia,

Marahaba. Barua imefika na imenichekesha peke yangu mpaka jirani Mwaisha akachungulia kutoka kwake, akidhani nimepatwa na jambo. Mvua huku ni ya kumwaga. Migomba miwili imeanguka, mdalasini uko salama. Wanangu wapo Turiani kwa wajomba zao, wananisalimia kwa simu nami sisikii.

Kuhusu Kimya, jibu ni hapana. Hachinjwi na harudi. Ndilo jina lake, Kimya, Rosa alimwita hivyo. Nakuona unaandika "mnyama, mnyama".

Twalibu anakuletea beseni lake, lile la bluu lenye ukingo uliopasuka. Fanya hivi. Mfungie kwanza kwenye chumba kidogo kimoja, asizurure. Kona atakayoichagua yeye kwa haja zake ndiyo uweke beseni, si kona unayoipenda wewe. Tandika magazeti yaliyochanwa na nyasi kavu, na nyasi zake za kula ziwe hapo hapo, kwa sababu hawa hula na kujisaidia kwa wakati mmoja. Akikosea, okota alichodondosha ukitie kwenye beseni ili ajue harufu yake inakaa wapi. Usimpige. Ukimpiga atakuogopa wewe, beseni hatalijua.

Sasa nisikilize. Tarehe kumi na nane Januari tutasali misa ya mwaka wa Rosa. Stambuli atasimama katikati ya ukoo, unamjua alivyo, na atauliza, "Theresia, sungura wa Rosa yuko wapi?" Utajibu nini? Kwamba hata huyu alikushinda?

Nina swali dogo kwako fundi wa mashuka. Godoro la sponji likikojolewa na watoto wa wageni, harufu unaitoaje?

Kaka yako,
Severin


Kihonda
29 Aprili 2024

Kaka Severin,

Shikamoo. Barua yako ya Machi ilinifikia wiki mbili zilizopita. Barabara ilikatika wiki tatu, na Twalibu anasema bahasha ilikaa Mkuyuni kwa mama muuza maandazi. Imefika na mafuta. Pole kwa migomba. Mguu wangu uko vile vile.

Neno lako "hata" nimeliona. Nimelisoma mara nyingi kuliko ulivyokusudia. Sitalijibu.

Nimefanya yote uliyoniagiza. Nimemfungia stoo, nimeweka beseni kwenye kona yake, nimechana magazeti kama mwendawazimu. Kila asubuhi nalisugua lile beseni kwa jiki mpaka linang'aa kama la harusi. Naye analikaribia, ananusa, analizunguka, halafu anakojoa pembeni yake, sentimita mbili kutoka ukingoni, huku ananitazama. Siyo kwamba hajui. Ananidharau.

Alhamisi jumuiya ilisali kwangu. Mlango wa stoo haukufunga vizuri. Tuko fungu la tatu la rozari, akaja, akageuza makalio na kumrushia mama Catherine mkojo kwenye gauni, unapiga kama bomba. Mama Catherine alimaliza Salamu Maria yake, sijui kwa neema gani. Chai hawakunywa. Wiki hii jumuiya imehamishiwa kwingine na mimi sikuambiwa.

Na hilo si la mwisho. Samahani kwa lugha, lakini wewe ni kaka yangu: anakula mavi yake. Nimemwona kwa macho haya. Asubuhi anajikunja, anaingiza kichwa chini ya tumbo, anayapokea yakitoka, laini, yanang'aa, yameshikana kama kichala cha zabibu, anatafuna na kufumba macho kwa utamu. Nilitoka nje nikatapika chini ya mpapai. Wilfred anasema ndivyo walivyoumbwa, yale laini wanayarudia kupata nguvu, asipokula ataugua. Nikamwambia basi na augue.

Kuhusu godoro: siki na maji nusu kwa nusu, lishindilie kwa kitambaa, halafu unga wa magadi, ulikung'ute likikauka, kisha jua la siku nzima, pande zote mbili. Lakini kaka, una wageni gani wenye watoto? Kwako hajalala mgeni tangu shemeji afariki.

Theresia


Kinole
20 Mei 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Mvua zimepungua na jua limetoka, nashukuru, maana nina vitu vya kuanika. Mwaisha anakusalimu. Kifua changu kizuri, macho mazuri. Siku hizi nasali nyumbani, kigango naona kimekuwa mbali.

Kosa ni lako, Kimya hana kosa. Nani alikwambia uoshe kwa jiki? Wewe ukisugua ni kama unafuta jina lake mlangoni pake. Anafika, ananusa, anakuta ni chombo cha mtu mwingine. Rosa hakulisugua beseni lile hata mara moja. Alimwaga, akasuuza kwa maji matupu, na kila siku alibakiza kidogo cha jana, karatasi moja iliyolowa na punje chache. Alifanya hayo kitandani, upande mmoja wa mwili umekufa, kwa mkono mmoja, miezi saba. Na sungura akajua.

Katika miezi ile saba hukuwahi kuuliza nani alikuwa anamfulia Rosa. Kumwogesha alimwogesha Mwaisha, jirani, mtu wa dini nyingine, hakuwa na deni lolote kwetu. Asubuhi kabla Mwaisha hajaja, usiulize. Mwanamume hana maneno ya kusimulia jinsi alivyomgeuza dada yake. Tuyaache.

Ninalo ombi, na usinune. Naomba mkojo wa Kimya. Ndiyo, umesoma sawasawa. Watu wa kilimo wamepita huku wanasema mkojo wa sungura ukichanganywa na maji unafaa kwa mimea na wadudu wanaukimbia. Nataka kujaribu kwenye pilipili manga. Kusanya kwenye dumu la lita tano umpe Twalibu.

Severin


Kihonda
30 Juni 2024

Kaka Severin,

Shikamoo. Grace alikuja wikiendi, amenenepa, anakusalimu sana. Ameniletea zabibu kutoka Dodoma. Sikuweza kuzila, na unajua kwa nini.

Nimeacha jiki. Sijui kama unaelewa umeniomba nini. Kumwaga beseni na kubakiza uchafu kwa makusudi, kuuangalia ule mkojo wa jana ukikauka na kuacha ukoko mweupe, kisha kufunga mlango na kwenda kunywa chai: mikono yangu ilikuwa inawasha. Siku ya kwanza nilirudi mara nne na brashi mkononi. Siku ya tatu aliingia mwenyewe. Akakaa ndani ya lile beseni kama bwana mkubwa, anatafuna nyasi huku, anadondosha kule. Nilisimama mlangoni nikajikuta nimesema "ahsante" kwa sungura. Nimefika huko.

Wilfred amemhasi. Alisema bila hivyo ataendelea kurusha. Sasa harushi, ila harufu bado ipo, imeingia kwenye mapazia, imeingia kwenye khanga zangu. Naisikia kanisani, sijui kama wengine pia wanaisikia. Mama Catherine hukaa benchi la mbali.

Dumu lako nilimpa Twalibu akuletee. Niliweka beseni la pili lenye matundu juu ya jingine, nikakinga, nikamimina kwa mrija huku nimejifunga khanga puani. Wiki tatu, lita tano. Ni zito, lina chokaa, linanuka mpaka machozi yanatoka. Twalibu anasema lilivuja kidogo kwenye mananasi ya mtu na karibu wapigane. Natumaini pilipili manga zako zitafurahi, kwa sababu mimi sitazila tena.

Yale ya dada Rosa uliyoandika nimeyasoma. Unajua kwamba mwaka jana nilikuwa na kifua. Daktari alinikataza safari ya milimani. Nilikueleza wakati ule.

Theresia


Kinole
11 Agosti 2024

Theresia,

Marahaba. Kifua. Sawa.

Nimekaa na barua yako wiki nne, nikitafuta namna ya kukuandikia bila hasira. Sijaipata, naandika hivyo hivyo.

Unadhani Stambuli alikutania. Ndivyo ulivyoandika, na ndivyo watu wote pale walivyodhani. Mimi ndiye niliyemwomba afanye utani, ili upokee, kwa sababu nilijua ningekuambia waziwazi ungekataa. Wazo la kukupa sungura halikutoka kwa Stambuli. Rosa ndiye aliyekutaja. Wiki ya mwisho, ulimi wake mzito, ilimchukua muda kuyatoa maneno yale, na nilitakiwa kuweka sikio langu bovu mdomoni pake. Alisema, "Kimya apewe Tere. Akimuweza huyu, na mimi angeniweza."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anacheka, ule upande wa uso uliokuwa unacheka. Lakini alisema, na sasa unajua.

Nakutumia mdalasini wa msimu huu. Nimekosa karatasi, nimeufunga kwenye kitambaa. Tuma dumu jingine, lile la kwanza linakaribia kwisha. Na siki, kama ipo ya chupa kubwa.

Severin


Kihonda
3 Novemba 2024

Kaka Severin,

Shikamoo. Nimekaa kimya karibu miezi mitatu. Dumu la pili nilikutumia bila barua, na siki, maana mikono ilikuwa inaweza kukinga mkojo lakini haikuweza kuandika.

Sikuwa na kifua.

Nilikuja. Mwaka jana, mwezi wa kumi, siku ya Jumanne. Nilipanda gari nikafika mpaka barazani kwako. Mlango ulikuwa wazi na wewe ulikuwa shambani. Nikasikia ile harufu. Unadhani miaka ishirini na saba inazoesha mtu. Haizoeshi. Hospitalini shuka halina uso. Pale ndani alikuwa dada yangu aliyenibeba mgongoni, na nilijua nikiingia nitakunja pua na yeye ataona. Nikaweka mfuko wa sabuni barazani nikageuza na gari lile lile. Nilimsikia anauliza, "Nani?" Sikuitika.

Uliukuta ule mfuko. Hukuniuliza, na mimi nilikuchukia kwa kutoniuliza.

Basi, limetoka. Sasa na mimi nina lako.

Kitambaa ulichofungia mdalasini ni kipande cha shuka. Nilikifungua mezani, mdalasini ukanukia jikoni kote, na chini ya mdalasini kulikuwa na kitu kingine. Kaka, unaweza kumdanganya Mwaisha, unaweza kumdanganya padri. Mimi usinidanganye kwa shuka. Mkojo wa sungura naujua sasa kuliko ninavyotaka, na wa mtu mzima niliufua nusu ya maisha yangu. Haifanani hata kidogo. Lile shuka lilikuwa limelowa, likaanikwa bila kufuliwa vizuri, likalowa tena, mara nyingi.

Nilikataa kuamini, nikamuuliza Twalibu. Akajikunakuna, halafu akasema: dumu la kwanza lipo nyuma ya mlango wako wa chumbani, halijapungua hata kijiko, na la pili umeliweka karibu na kitanda, kizibo wazi. Akasema, "Mama, mzee anamwambia kila mtu harufu ile ni mbolea ya sungura." Hukuwa na shida ya mbolea. Ulitaka kitu cha kusingizia. Ndiyo maana wageni wenye watoto, ndiyo maana kigango kimekuwa mbali. Nimekusanya mikojo ya sungura na khanga puani ili kaka yangu apate pa kujificha, na kila nilipokuwa namimina nilikuwa nakutukana.

Wodi ya wanaume nilifua mashuka yake, najua tezi dume inavyowafanya wanaume wa umri wako, na najua wengi walitibiwa wakarudi nyumbani wakavu. Wengine hawakurudi wakavu. Vyovyote itakavyokuwa, hutakaa peke yako na madumu. Wanao wana wajomba zao. Kwa desturi yetu wewe nyumba yako ni dada zako, na dada aliyebaki ni mmoja, huyu mbaya.

Jumamosi Twalibu atakuchukua. Godoro lichome, usije nalo. Chumba cha Grace nimekitandika nailoni, na juu yake shuka mbili za pamba. Kukuogesha sitakuogesha, mwiko ni mwiko. Nimezungumza na Anselmi, fundi baiskeli wa hapa jirani, mtu mzima na msiri, amekubali. Mashuka ni yangu.

Usije ukidhani nimekuwa mtakatifu. Nitakunja pua. Utaniona nimekunja, nakwambia mapema ili usishangae. Siku nyingine nitatoka nikatapike chini ya mpapai. Halafu nitanawa na nitarudi ndani. Stambuli akiuliza Januari, sungura yupo stoo, mnene, anajua beseni lake, na bado ananikera.

Theresia


Kinole
7 Novemba 2024

Tere,

Marahaba.

Ule mfuko wa sabuni nilimwambia Rosa umeuleta. Alisema anajua, aliitambua miguu yako barazani.

Mimi ilianza Februari, wiki moja baada ya matanga. Sijamwambia mtu.

Madumu nimeyamwaga kwenye pilipili manga, kwa hiyo usiseme nilikudanganya kabisa. Godoro limeungua tangu asubuhi, linatoa moshi mbaya, na Mwaisha amekuja kusimama nami bila kuuliza kitu.

Jumamosi nakuja. Kiti cha mbele cha gari la Twalibu ni cha kitambaa. Mpe nailoni ya kukalia aje nayo. Mimi nimeshindwa kumwomba.

Kaka yako,
Severin